Ukuta wa maneno darasani: unasaidia kusoma Sayansi au ni mapambo ya wathibiti ubora?

#1 ChakiNyeupe

Wakuu, salaam. Leo tuongee bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ingia darasa la kidato cha kwanza la shule nyingi za kata hapa Tanzania, utakuta manila zimejaa ukutani: "cell", "tissue", "organ", "photosynthesis". Wino mwekundu, wino wa bluu, maua pembeni. Sasa mpe mtoto wa darasa hilohilo aya ya mistari sita kutoka kitabu cha Biolojia. Atakusomea kwa sauti kama mtangazaji wa redio. Muulize aya inasema nini, anakutumbulia macho.

Dai langu: ukuta wa maneno, kwa namna tunavyoufanya, hauongezi uwezo wa kusoma. Ni orodha ya kukariri iliyopandishwa juu, na mara nyingi inapandishwa wiki ambayo wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wanatarajiwa. Watoto hawa wamesoma Sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi yote. Usanisinuru wanaujua, mmeng'enyo wa chakula wanaujua. Januari kila kitu kinageuka Kiingereza, na dawa tunayowapa ni manila.

Anayeufanya ukasaidia KUSOMA, siyo kutaja maana, atuambie: maneno yapi, mangapi, herufi za ukubwa gani, na baada ya kubandika kinafanyika nini.

#2 Gundi ya Uji

Naweka kambi hapa.

#3 Mzee wa Maabara

Chaki, ukuta hauna kosa. Kosa ni mahali maneno yanapotoka. Wengi huyachota kwenye muhtasari wa somo au kwenye kurasa za istilahi mwishoni mwa kitabu. Yanatakiwa yatoke kwenye aya ambayo watoto wataisoma wiki hiyohiyo.

Chukua aya ya maneno kama 120 kuhusu muundo wa seli. Iandike ubaoni kabla hujafundisha chochote. Kila mtoto anainakili na kupigia mstari neno ambalo hawezi kulieleza. Pita na karatasi ujumlishe kura. Kwa mkondo wa watoto 70, neno lililopigiwa mstari na zaidi ya nusu ni mgombea. Halafu lichuje kwa maswali mawili: litarudi kwenye mada nyingine muhula huu? Ukilitoa, aya inaporomoka? Likipita hata swali moja, linapanda ukutani. Yatabaki matano hadi saba. Ukibandika ishirini umeleta vurugu.

Kipindi kinachofuata, dakika kumi za mwanzo, kadi ziko kifudifudi mezani. Mtoto anachukua moja, anatafuta sentensi yenye neno hilo kwenye aya, anasoma sentensi NZIMA, anaieleza kwa maneno yake. Ndipo kadi inabandikwa, na chini yake inaandikwa sentensi ileile ya kitabuni. Fasili ya kamusi haina kazi hapo.

Ijumaa kadi zote zinageuzwa mgongo. Aya inasomwa upya, maswali matatu: la kwanza jibu liko wazi, la pili linahitaji kuunganisha sentensi mbili, la tatu ni mchoro. Mchoro ndio mtoboa siri. Aliyeelewa "the nucleus is enclosed by a membrane" atachora mstari unaozunguka kiini. Aliyekariri ataweka nukta nyeusi katikati na kuandika "nucleus" kwa mwandiko mzuri sana.

#4 kasimwelekeo

Mzee wa Maabara, mpaka hapo kwenye mchoro tuko pamoja. Lakini kwenye uchaguzi wa maneno bado mnavuna magugu.

Istilahi za sayansi ndizo maneno ambayo mwalimu huyaeleza kila siku, hata bila ukuta. Yanayomwangusha mtoto ni yale ambayo hakuna anayejisumbua kuyaeleza. Tazama sentensi hii: "The rate of photosynthesis increases with light intensity, provided that carbon dioxide is not limiting." Neno refu kuliko yote hapo ndilo mtoto analolijua, liko ukutani tangu mwezi wa pili. Anakwama kwenye "rate", "provided that" na "limiting". Na maana yote ya sentensi imebebwa na hayo matatu.

Hili siyo letu peke yetu. Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow na mwenzake Cassels walilichunguza Uingereza miaka ya 1980. Wakakuta maneno ya kawaida yanayotumiwa kisayansi yanawatatiza hata wanafunzi waliozaliwa na Kiingereza. Itakuwaje kwa mtoto anayekutana nacho darasani tu?

Kwa hiyo ukuta wangu ungekuwa na mafungu manne, kila fungu na rangi yake ya kadi: ya sababu na matokeo ("due to", "hence", "as a result of"), ya sharti ("provided that", "unless", "at constant temperature"), ya ulinganisho ("whereas", "compared with", "twice as"), na ya kiasi ("rate", "excess", "negligible"). Hayahamishwi wiki kwa wiki. Yanakaa mwaka mzima, na yanatumika Fizikia, Kemia na Biolojia kwa pamoja. Walimu watatu, ukuta mmoja.

#5 Mla Chaki

Walimu watatu ukuta mmoja? Hao watatu hata dasta hawaazimani.

#6 Gundi ya Uji

Kabla hamjafika mbali na hizo "provided that", hebu tushuke chini. Manila inakaaje ukutani? Ukuta wa chokaa, selotepu inashika nusu saa, jioni kadi ziko sakafuni na wa zamu ya usafi wamezifagia.

#7 Shangazi Manila

Gundi ya Uji, jina lako ndilo tatizo lenyewe. Gundi ya unga wa ngano inashika vizuri, lakini ni chakula. Mende wanaanza, mchwa wanamalizia, na ukuta unabaki na madoa ya kahawia. Selotepu nayo haishiki chokaa bali vumbi la chokaa, ndiyo maana inabanduka na unga mweupe mgongoni.

Achana na kubandika, tundika. Papi mbili za mbao, moja kila mwisho wa ukuta, zipigiliwe kwa misumari ya zege. Kati yake pitisha kamba tatu, moja juu ya nyingine, nafasi ya sentimita 25, ya chini kabisa iwe usawa ambao mtoto anafikia akinyoosha mkono. Kadi zinashikwa kwa vibanio vya nguo, viwili kila kadi, maana kimoja kadi inazunguka na upepo. Faida kubwa ni kwamba kadi inashuka, inapanda, inageuzwa mgongo, inahamishwa. Huo mchezo wa kifudifudi anaousema Mzee hauwezekani na kadi iliyogandishwa kwa gundi.

Kadi yenyewe: manila ya saizi A1 ina sentimita 84 kwa 59. Ikate vipande vinne kwa urefu, kila kimoja kinapata sentimita 84 kwa 14 na ushee. Piga mistari ya penseli: herufi fupi kama a, e, o ziwe sentimita 5, mkia wa juu ufike 7.5, na mkia wa chini wa g na y uachiwe 2.5. Kila herufi ukiipa upana wa sentimita 5, "photosynthesis" yenye herufi 14 inakula sentimita 70 na kingo zinabaki. Maka peni nyeusi au ya bluu iliyokoza. Nyekundu inapauka haraka upande wa dirisha, na ya njano au ya machungwa haionekani kabisa kutoka nyuma.

#8 Gundi ya Uji

Shangazi, heshima yako. Lakini herufi za sentimita 7.5 si ndiyo mabango ya mkutano wa hadhara?

#9 Kinyonga wa Usambara

Shangazi hajakosea. Jicho zima linatambua herufi inayofungua pembe ya dakika tano, na hapo ndipo ubao wa Snellen, ule wa kupimia macho hospitali, ulipojengwa. Kwa mita 9, ambazo ni kama urefu wa darasa, hiyo ni herufi ya sentimita 1.3. Lakini huo ni mwisho wa uwezo, kwa mwanga mzuri, na mtu anayejikaza. Mtoto mwenye macho ya 6/18 (anaona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima linaona kwa mita 18) na hana miwani anahitaji mara tatu yake, karibu sentimita 4, ili atambue tu. Ongeza darasa lisilo na taa siku ya mawingu. Ndiyo maana wachora mabango hukadiria inchi moja kwa kila futi kumi, na kwa mita 9 inakuja 7.5.

Ninalotaka kulisema hasa ni herufi kubwa. Acheni kuandika kadi zote kwa herufi kubwa! Kitabu hakiandikwi hivyo, na mtoto anatakiwa alitambue neno akilikuta kitabuni. Halafu kwenye sayansi herufi kubwa inabadilisha maana. Nimeona kadi za "PH" na "NACL". Co ni kobalti, CO ni gesi inayoua watu kwenye jiko la mkaa. Mg ni magnesi, mg ni miligramu. Tukishaandika kila kitu kwa herufi kubwa ukutani, kwa nini tunalalamika mtihani wa kidato cha pili ukirudi?

#10 Mthibiti Mstaafu

Nimesoma kejeli zenu kwa wathibiti, nimezimeza. Turekebishe mambo mawili.

Moja, ripoti haisemi "manila nyingi, hongera". Mthibiti anayejua kazi humsimamisha mtoto na kumwambia: chagua neno moja pale ukutani, nionyeshe liko wapi kwenye daftari lako. Kimya kikitanda, zana ile haijatumika.

Pili, vibanio vya Shangazi vina faida ambayo hakuitaja. Chumba kikiwa cha mtihani wa taifa, kuta zinatakiwa ziwe tupu. Kwa vibanio ni kazi ya dakika kumi. Kwa gundi mnakwangua na kisu hadi usiku.

#11 Jirani wa Busia

Hamjambo majirani. Natoka upande wa Kenya, naomba niwatie mchanga kwenye uji kidogo.

Mnaweka lawama yote kwenye kugeuka kwa lugha kidato cha kwanza. Huku kwetu mtoto anasoma Sayansi kwa Kiingereza kuanzia gredi ya 4. Anapofika gredi ya 7 kwenye Sayansi Jumuishi ana miaka mitatu ya Kiingereza cha sayansi mgongoni. Na bado aya inamshinda vilevile. Kwa hiyo kugeuka kwa lugha kunaongeza makali, lakini ugonjwa wenyewe uko kwingine.

Mimi nauona kwenye umbo la maneno. Maneno ya sayansi yamejengwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, na vipande ni vichache kuliko maneno. Weka ukuta wa vipande: "hydro", "thermo", "-lysis", "-meter", "-vore", "endo", "exo", "iso". Kadi mbili zikishikana zinazaa neno. Mtoto akishajua "-lysis" ni kuvunja, siku atakapokutana na "hydrolysis", "electrolysis" na "haemolysis" kitabuni hatasimama kama gari bovu. Kila wiki vipande viwili tu, na kila kipande kiwe na maneno matatu ambayo yamo kwenye kitabu cha mwaka huo. Kipande chenye neno moja tu hakifai kupewa nafasi.

#12 ChakiNyeupe

Jirani karibu. Wazo tamu, lina mitego. "Photo" kwa mtoto ni picha, kwa hiyo "photosynthesis" anaisoma kama kutengeneza picha. "Organ" na "organic" zinafanana, zinamvuta aseme kemia ya ogani za mwili. Na "atom" ukiipasua kwa asili yake inamaanisha kisichokatika, halafu kipindi kinachofuata unamfundisha elektroni na protoni.

#13 Jirani wa Busia

Hilo la "photo" linamalizika kwa kadi ya "photon" na "phototropism" kando yake. Mche ulioinamia dirishani haujapigwa picha na mtu.

#14 Mla Chaki

Ngoja niwaharibie sherehe. Mwaka 2014 Fisher na wenzake wa Carnegie Mellon, Marekani, walifundisha watoto 24 masomo sita ya sayansi, nusu kwenye chumba kilichopambwa ukuta mzima, nusu kwenye chumba kitupu. Kwenye chumba kitupu watoto walipata wastani wa asilimia 55 kwenye jaribio, kwenye kilichopambwa asilimia 42. Macho yalikuwa ukutani. Kwa hiyo Chaki yuko sahihi, toeni hizo manila mkauzie vitumbua.

#15 kasimwelekeo

Mla Chaki, umesoma kichwa cha habari ukaacha mwili. Wale walikuwa watoto wa chekechea, wa miaka mitano hivi. Na mapambo hayakuhusiana na kilichokuwa kinafundishwa. Hapo huwezi kuruka mpaka kijana wa miaka 14 anayetafuta neno lililoko kwenye aya iliyo mbele yake.

Ila lina funzo la mahali. Ukuta wa maneno usikae nyuma ya mwalimu kuzunguka ubao. Weka ukuta wa pembeni, mtoto ageuze shingo kwa makusudi. Na kadi za mada iliyokwisha zishuke, ziingie bahasha, bahasha ipigwe jina la mada. Kadi za "laboratory rules" bado ziko juu mwezi wa tisa, za nini?

#16 Asali Mbichi

Mnazunguka mbuyu. Kiswahili mmekiweka wapi kwenye huo ukuta?

Mtoto ana dhana tayari, kama Chaki alivyosema pale #1. Kinachokosekana ni daraja. Kadi iwe na pande mbili: mbele Kiingereza, nyuma Kiswahili. TUKI, ile Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, walitoa kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990, istilahi zimo. Nyuma ya "photosynthesis" andika usanisinuru, umemaliza somo la dakika ishirini kwa sekunde tano. Dakika zilizobaki msome aya.

#17 Mthibiti Mstaafu

Asali, mtihani unaandikwa Kiingereza na majibu ya Kiswahili hayapewi alama. Ukimzoesha daraja, atataka kulivuka kila sentensi. Kusoma ni kuendelea mbele. Anayetafsiri neno kwa neno akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo.

#18 Asali Mbichi

Na asiyetafsiri hafiki huo mwisho kabisa.

#19 Mzee wa Maabara

Mko sahihi nyote nusunusu. Kiswahili kinafaa pale ambapo dhana ya shule ya msingi ni ileile. Pale ambapo haifanani, nyuma ya kadi panakuwa mtego. Mfano "mass" na "weight". Sokoni uzito ni kilo. Ukiandika "uzito" nyuma ya "weight" na kuondoka, mtoto atasoma "the weight of the block is 20 N" na kusahihisha kitabu, aandike kilo 20. Kadi ya namna hiyo iwe na kipimo na kizio badala ya neno moja: "mass", kilo, mizani ya kulinganisha, "weight", nyutoni, mizani ya springi, na chini, kilo 2 huvutwa na dunia kwa kama nyutoni 20.

#20 Silabi Moja

Naona wote mmeruka ngazi ya kwanza. Gough na Tunmer tangu 1986 walisema kuelewa unachosoma ni zao la mambo mawili: kuyatamka maandishi na kuijua lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jawabu ni sifuri. Chaki anasema watoto wake wanasoma kama watangazaji. Mimi nina wasiwasi na hao watangazaji. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto anaingia na tabia hiyohiyo: "tissue" anaitamka tisuwe, "enzyme" enzime, "height" heigiti. Mwalimu anapotamka "enzaim" wakati wa kufundisha, mtoto haunganishi sauti aliyoisikia na neno aliloliona. Kwake hayo ni maneno mawili tofauti. Unaweza kulieleza mara kumi kwa mdomo, kitabuni bado ni geni.

Kadi iwe na nukta za kugawa silabi, na alama ya mkazo juu ya silabi inayobebwa. Mwalimu anagonga neno kwa fimbo ya kuonyeshea, darasa linatamka, mara tatu, kisha wanalisoma ndani ya sentensi. Dakika mbili kila mwanzo wa kipindi. Chini kwa herufi ndogo unaandika matamshi kwa tahajia ya Kiswahili: enzaim, tishu, hait.

#21 Kinyonga wa Usambara

Hapo kwenye "hait" nakupinga. Jicho linabeba kilichoandikwa ukutani. Mwezi wa kumi na moja utasahihisha "enzaim" kwenye karatasi za majibu na utajilaumu. Nukta za silabi sawa. Matamshi yabaki mdomoni.

#22 Silabi Moja

Basi yaandikwe mgongoni mwa kadi, upande wa Asali.

#23 Asali Mbichi

Mgongo umejaa, kuna usanisinuru.

#24 Mzee wa Maabara

Hahaha. Niongeze hesabu moja, maana hapa ndipo ukuta unapofikia kikomo chake. Hu na Nation, mwaka 2000, walikadiria kwamba msomaji wa lugha ya pili anahitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno ya matini ndipo aielewe bila msaada. Ni neno geni moja kwa kila hamsini. Walitumia hadithi, na kitabu cha sayansi si rahisi kuliko hadithi.

Sasa ile aya yetu ya maneno 120. Mtoto wa kawaida wa kidato cha kwanza akipigia mstari maneno 18, anajua asilimia 85. Ukuta ukimpa saba, yamebaki 11, amefika kama 91. Bado hajafika. Ndiyo maana mwalimu analalamika ameufanya ukuta na watoto hawaelewi. Tisa kati ya hayo 11 lazima uyaondoe wewe, kwa kuiandika aya upya: vunja sentensi ndefu ziwe mbili, badilisha "is composed of" iwe "is made of", toa jambo la kando. Aya iliyorahisishwa isomwe Jumanne, ya kitabuni Alhamisi.

#25 kasimwelekeo

Ukishabadilisha "is composed of" umemnyima neno ambalo litamkuta kwenye mtihani. Hilo ndilo lilitakiwa kupanda ukutani.

#26 Mzee wa Maabara

Alhamisi atalikuta, akiwa tayari anajua sentensi inasema nini. Hatupingani sana.

#27 Mla Chaki

Mimi nauliza swali la mkulima. Hiyo aya mnayoisema kila saa mtoto anaisomea wapi? Kitabu kimoja kwa madawati mawili, wengine kwa mstari mzima. Mtoto anaona maandishi ya sayansi dakika kumi kwa wiki. Kusoma hakuongezeki kwa kutazama ukuta, kunaongezeka kwa kusoma, na hakuna cha kusoma. Hiyo ndiyo sababu, mengine yote ni manukato.

#28 Shangazi Manila

Basi aya yenyewe ipande ukutani. Chukua mfuko wa salfeti, kiroba cha kilo 50, upasue ubavuni na chini. Unapata kitambaa chenye eneo la kutosha aya ya maneno 60 hadi 70, kwa herufi za sentimita 3, kinasomeka kutoka mstari wa nne. Walio nyuma wasogezwe mbele kwa zamu, au uandike viroba viwili. Osha kwanza vumbi la unga au mbolea, kausha kivulini, geuza upande usio na chapa. Maka peni ya kudumu, maana ile ya ubao mweupe inafutika kwa jasho la mkono. Tumia mistari 12, siyo zaidi, nafasi kati ya mistari iwe pana ili kadi za maneno zining'inie chini ya neno husika kwa uzi. Hapo ukuta na aya vimekuwa kitu kimoja na hakuna anayegeuza shingo mara mbili.

Kiroba hakichaniki, mvua ya dirishani haikiharibu, na kinakunjwa kwenda mkondo mwingine.

#29 Mthibiti Mstaafu

Hiki ningekiandikia ripoti nzuri.

#30 ChakiNyeupe

Asanteni wote. Naona tuna sababu tano mezani: istilahi zinatoka pasipo na aya, maneno viungo (ya aina ya "provided that") hayafundishwi, vipande vya maneno, matamshi, na uhaba wa vitabu. Nitajuaje ipi ni ya darasa langu? Sitaki kuwauliza watoto "mmeelewa?", watasema ndiyooo.

#31 Kinyonga wa Usambara

Tumia jaribio la kujaza mapengo aliloanzisha Taylor mwaka 1953. Chukua matini ya maneno 250 na ushee ambayo hawajaisoma. Sentensi ya kwanza iache nzima, kisha futa kila neno la tano mpaka upate mapengo 50. Mtoto anajaza, unakubali neno lilelile la kitabuni tu. Bormuth aliweka mipaka: chini ya asilimia 44 matini inamzidi, kati ya 44 na 57 anaisoma kwa msaada wa mwalimu, juu ya hapo anajitegemea.

Uzuri wake ni kwamba mapengo yanaangukia kila aina ya neno. Tenga karatasi kwa makundi: wanaokosea kwenye istilahi, na wanaokosea kwenye viungo. Hapo ugomvi wa Mzee na kasimwelekeo unapata namba za darasa lako.

#32 Mla Chaki

Mapengo 50, watoto 140 wa mikondo miwili. Mapengo 7,000 ya kusahihisha. Mwalimu atajaziwa mapengo yeye.

#33 Kinyonga wa Usambara

Punguza: maneno 100, futa kila la saba, yanakuja 14. Wabadilishane karatasi, majibu ubaoni. Ukifupisha hivyo usitumie mipaka ya Bormuth, linganisha darasa na lenyewe tu. Na hata jaribio zima, mipaka ile ilitokana na watoto wa Marekani wanaosoma lugha yao. Kwetu ichukuliwe kwa koleo.

#34 ChakiNyeupe

Basi nafanya hivi: mkondo A ukuta wa istilahi, mkondo B ukuta wa viungo, wiki sita, halafu nalinganisha.

#35 kasimwelekeo

Usifanye. Shule nyingi zinapanga mikondo kwa alama, A ndio vichwa. Utakuwa umepima upangaji. Weka kuta zote mbili kwa mkondo mmoja kwa zamu: wiki tatu istilahi, wiki tatu viungo, mkondo wa pili uanze kinyume. Matini za jaribio zibadilishwe pia, iliyotumika mwanzo kwa A itumike mwisho kwa B. Na kadi zigeuzwe mgongo siku ya jaribio, la sivyo unapima kunakili.

#36 Silabi Moja

Na kabla ya yote wasomeshe watoto kumi, mmoja mmoja, maneno ishirini kutoka kwenye hiyo matini. Wakianguka kwenye kutamka, kuta zote mbili ziahirishe.

#37 Jirani wa Busia

Mpaka wiki ya ngapi ukuta wa vipande unapewa nafasi? Au mimi nimekuja kushangilia tu?

#38 kasimwelekeo

Wako unahitaji mwaka, Jirani. Vipande viwili kwa wiki havionyeshi kitu ndani ya wiki tatu.

#39 Gundi ya Uji

Mimi nimebaki kwenye kamba za Shangazi. Mende tumewamaliza kwa vibanio. Panya je?

#40 Shangazi Manila

Panya anatafuna kamba ya katani, hasa ile mpya. Pitisha waya wa kufungia nondo, uvute kwa koleo mpaka ulie ukiugonga, ncha uzikunje ndani ya papi zisichome watoto. Na vibanio chagua vya mbao. Vya plastiki upande wa jua vinakatika kabla ya muhula wa pili.